Luku iliisha mama alipokomea mlango

Nianze kwa kuonya: nitasimulia hadi mwisho. Filamu yenyewe ilitoka mwaka 1960, mimi sijazaliwa, kwa hiyo atakayelalamika kwamba nimemharibia utamu alikuwa na miaka sitini na ushee ya kuitafuta.

Inaitwa Jungfrukällan, yaani chemchemi ya bikira kwa Kiswidi. Aliyeiongoza ni Ingmar Bergman, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri, na hilo la baba mchungaji utaliona tangu mwanzo. Ina dakika 89. Haina rangi. Watu wanaongea Kiswidi na maandishi yanayopita chini ni ya Kiingereza. Aliyeileta ni binti wa dada yangu anayesoma chuo kikuu cha Mlimani, kwenye flashi, akaniambia, "Mama mdogo, hii ya kwako. Kuna gauni humo." Ananijua. Ni mwaka wa ishirini na mbili huu nashona kwenye kibaraza changu hapa Magomeni Mapipa, na sinema yoyote, iwe ya Kihindi, ya Kinaijeria au ya Bongo, macho yangu huanzia kwenye pindo ndiyo yapande usoni kwa mtu.

Tuliiangalia Jumamosi baada ya Isha. Mama mkwe wangu, bi mkubwa wetu, kwenye mkeka, kikombe cha kahawa pembeni na kashata mbili alizokatazwa na daktari. Mimi kwenye kochi na shati la mteja la kutia vifungo. Binti kwenye stuli, karibu kabisa na televisheni, maana yeye ndiye aliyekuwa mtafsiri wetu: anasoma Kiingereza, anatutolea Kiswahili papo hapo, kama wale wasimuliaji wa vibanda vya video tuliokua nao. Na mlangoni kijana wa bodaboda anayepanga chumba cha uani, ambaye alisema amekuja kuchaji simu tu.

Binti alianza na Kiswahili cha kitabuni, "Ewe Mola wangu" na "la hasha". Dakika ya kumi akachoka. Walipotokea wale wachunga mbuzi watatu, yule mwembamba akampa sauti ya mpiga debe wa daladala za Mbagala, na niseme ukweli, ilimkaa. Mtu anayekuita "dada yangu mzuri" huku macho yake yako kwenye pochi. Sijui Waswidi wenyewe wanamsikiaje, lakini sisi tulimjua palepale.

Hadithi ni ya zamani kuliko filamu. Ni wimbo wa Kiswidi wa karne za kati kuhusu mzee Töre na binti zake, na mwandishi Ulla Isaksson ndiye aliyeugeuza kuwa mchezo wa filamu. Töre ni mkulima mwenye uwezo, ana nyumba ya magogo, vibarua, meza ndefu na kiti cha enzi cha mwenye nyumba. Anayemcheza ni Max von Sydow, yule aliyekuja kuwa padri mzee kwenye filamu ya kutoa mapepo ya 1973. Hapa bado ni kijana wa miaka thelathini, lakini uso wake ni kama umechongwa na mtu asiyependa utani. Mkewe, Märeta, siku ya Ijumaa anajidondoshea nta ya moto kwenye mkono akikumbuka mateso ya Yesu. "Anajichoma kwa nini?" bi mkubwa akauliza. Binti akamweleza. Bi mkubwa akatikisa kichwa, akamega kashata.

Ukristo umeshaingia humo ndani, lakini miungu ya zamani haijahama. Picha ya kwanza kabisa ni ya Ingeri, msichana aliyelelewa na kutumikishwa hapo nyumbani, anapuliza moto asubuhi na mapema. Ana mimba na hana mume. Anapuliza, moto unashika, kisha anamwita Odin, mungu wa mababu zao, aje. Hakuna aliyehitaji kutufafanulia. Hapa mjini wapo wanaotoka msikitini na kanisani wakapitia kwa mganga kabla ya kufika nyumbani, na hirizi ikavaliwa ndani ya fulana safi ya Ijumaa au Jumapili. Uswidi ya wakati ule nayo ilikuwa hivyohivyo, nyumba moja, milango miwili.

Binti wa mwenye nyumba ni Karin. Wa kudekezwa. Usiku wa kuamkia siku hiyo alicheza ngoma, asubuhi haamki, na ndiye anayetakiwa kupeleka mishumaa kanisani kwa Bikira Maria, kwa kuwa desturi inataka mishumaa ile ibebwe na mwanamwali. Hapo sasa ndipo gauni lilipo. Karin hataki kwenda na nguo za kawaida. Anataka ya hariri, ya siku kubwa. Mama anakataa, halafu anakubali, kama tunavyokubali wote.

Hapo niliweka shati chini. Bergman hana haraka na kumvalisha yule binti. Anaacha muda upite, nguo juu ya nguo, na mama anatazama kazi yake. Nimevalisha mabibi harusi wengi kiasi cha kulijua jicho lile. Mama hukutoa chumbani, anakwambia "fundi, tupishe kidogo", halafu anarudia mwenyewe kulaza bega ambalo ulishalilaza vizuri. Si kwamba kazi yako haikumridhisha. Anataka mkono wake uwe wa mwisho. Nikamwambia binti, "Hilo gauni litarudi." Akacheka, akasema, "Mama mdogo, usiniharibie." Kumbe yeye alishaiangalia.

Njiani Karin na Ingeri wanaachana. Ingeri ana wivu, ameshaweka chura ndani ya mkate wa Karin, na kwenye kijito anabaki na mzee mmoja wa ajabu anayesikia asivyosikia mtu, mpaka anamkimbia. Karin anaendelea peke yake msituni na farasi wake, anaimba. Anakutana na ndugu watatu wenye mbuzi. Mmoja ni yule mwembamba wa kuongea. Wa pili hana ulimi, amekatwa. Wa tatu ni mtoto, kama miaka kumi hivi. Karin anawakaribisha chakula chake. Anakaa nao chini, anaomba dua ya kula, anawagawia. Halafu anaona alama kwenye masikio ya mbuzi na kutambua kwamba mbuzi ni wa mtu mwingine. Mkate unafunguka, chura anaruka.

Kinachofuata sitakieleza. Hakionyeshwi kwa kukifurahia, lakini kinaonyeshwa, na ni kizito hata leo ambapo watoto wanaona kila kitu kwenye simu. Bi mkubwa aligeukia ukutani. Kijana wa bodaboda aliacha kutikisa mguu. Kuna kitu kimoja lakini lazima nikiseme. Ingeri amewafuata, yuko juu ya kilima, anaona yote. Ana jiwe mkononi. Angeweza kulirusha. Vidole vinafunguka, jiwe linaanguka, linaviringika chini. Basi. Nitarudi kwenye jiwe hilo.

Na wakishamuua wanamvua nguo. Tamaa imeshakwisha, sasa wanatafuta bei. Wanajua hariri inauzwaje. Mtoto anaachwa na maiti. Anajaribu kula mabaki ya kile chakula, hakipiti, anatapika. Anachota udongo kwa mikono, anamrushia Karin kidogo, kama anayejaribu kuzika. Theluji inaanza kuanguka. Ukumbuke pale nyumbani asubuhi watu walikuwa wanaongelea kuingia kwa majira mazuri.

Jioni wale ndugu watatu wanatafuta pa kulala, baridi kali, wanabisha kwenye nyumba moja kubwa. Hawajui ni ya nani. Töre anawakaribisha, anawapa nafasi mezani, anaongelea hata kuwapa kazi. Anaomba dua kabla ya kula. Dua ni ileile ya Karin. Mtoto ndiye anayeitambua. Wakubwa zake wanatafuna, yeye kijiko hakiendi.

Usiku Märeta anashuka kumtazama yule mtoto aliyelia usingizini. Yule mwembamba anaona biashara. Anamtolea gauni. Anasema lilikuwa la dada yao aliyefariki, limechanika kidogo, lakini mwanamke mwenye mkono mzuri atalirekebisha. Märeta analishika.

Hapa naomba nisimame, maana hili ndilo ninalolijua kuliko Bergman. Mtu ukishashona nguo huhitaji taa. Miaka ya nyuma kamba yangu iliibwa gauni la kitenge la mteja, nikalilipa. Miezi mitatu baadaye napita soko moja la mitumba, mkono wangu ukagusa nguo iliyoning'inia kabla jicho halijafika, nikasimama. Nikageuza pindo. Mshono wangu wa mkono, ule ninaoulaza kushoto kwa sababu fundi aliyenifundisha alikuwa wa mkono wa kushoto. Sikusema kitu. Nililinunua upya. Sasa yule mama pale, uso wake haubadiliki. Halii. Anasema atamuuliza mumewe ni malipo gani yanayostahili kwa vazi la thamani kama hilo. Anatoka, anakomea mlango kwa nje.

Na hapo ndipo giza.

"Umekatika?" bi mkubwa akauliza.

"Haujakatika, umeisha," nikasema. Mchana niliona mita ya Luku, ya umeme wa kulipia kabla, inasoma uniti mbili na kidogo, nikajiambia zitatufikisha. Hazikutufikisha. Simu ya binti haikuwa na hela, ya kwangu ilikuwa na hela lakini haina chaji, ya kijana wa bodaboda ndiyo hiyo iliyokuwa inachajiwa na ikasimama kwenye asilimia nne. Ikabidi binti aende dukani kwa Mpemba, na kwa Mpemba kulikuwa na foleni. Dakika arobaini tulikaa na tochi ya simu moja, na kwenye dakika hizo arobaini tuliendesha kesi.

Kijana wa bodaboda hakuwa na maneno mengi. "Mume akijua, anawaua. Na awaue. Mimi nisingesubiri hata kukuche, ni petroli tu."

Bi mkubwa akasema, "Wameshakula chakula chake."

"Bibi, wamemuua mwanawe!"

"Nimesikia. Nakwambia wameshakula. Mgeni akishaweka mkono kwenye sahani yako, damu yake usiimwage ndani ya nyumba yako. Mtoe nje kwanza."

"Akishamtoa nje?"

"Akishamtoa nje, hapo mimi simo."

Binti aliporudi na karatasi ya tokeni akaingilia kati, akasema zama zile hakukuwa na kituo cha polisi cha kukimbilia, mtu alikuwa yeye ndiye polisi na hakimu wa kwake. Na mimi? Nilisema na wafe. Nina mabinti wawili. Nilisema hivyo huku natia kifungo cha nne kwenye mwanga wa tochi, na mkono haukutetemeka, kifungo kile hadi leo kimesimama vizuri.

Wote wanne tulitoa hukumu. Hakuna hata mmoja aliyemtaja yule mtoto mchunga mbuzi.

Tarakimu ishirini za Luku, binti akakosea moja, akarudia. Taa ikawaka.

Nilitegemea Töre atoke mbio na upanga. Hatoki mbio. Kwenye ngazi anakutana na Ingeri, anayekiri yote, kwamba alimtakia Karin mabaya na akatazama. Töre anamsikiliza, kisha anamwambia amtayarishie maji ya kuoga. Anatoka nje, kuna mti mmoja mwembamba umesimama peke yake kwenye uwanda, aina ile yenye gome jeupe inayoota huko kwao. Anaukumbatia na kuusukuma. Unapinda, unarudi. Anausukuma kwa uzito wote, wanapigana yeye na mti, hadi unalala chini. Kamera haisogei kumsaidia. Imekaa mbali, anga la kijivu, mtu na mti. Mpiga picha ni Sven Nykvist, ambaye baadaye alikuja kuchukua Oscar mbili kwa kazi nyingine za Bergman, na ukimuuliza mtu yeyote aliyeiona filamu hii picha gani imebaki kichwani, sidhani atakutajia nyingine.

Anakata matawi. Anaingia kwenye bafu la mvuke, anajipiga na matawi yale mgongoni kama wafanyavyo watu wa huko wakioga. Maji, mvuke, kimya. Ingeri anamhudumia. Bi mkubwa alinyamaza muda wote huo, halafu akasema taratibu, "Huyu anatia udhu."

Nilisikia baridi. Kwa sababu ndivyo ilivyo. Anajitakasa kwa ajili ya kuua. Anaagiza kisu cha kuchinjia. Anaingia ukumbini walikolala, anakichoma kisu mezani, anakaa kwenye kiti chake cha enzi na kusubiri kupambazuke.

Magazeti yetu yana sentensi moja ambayo nadhani wachapaji wameihifadhi tayari, wanabadilisha jina la mtaa tu: kibaka ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Tumeizoea hiyo hasira kali, ndiyo inayobeba mzigo wote. Sasa Töre hana hasira kali. Hasira kali ingekuwa imeshuka pale kwenye mti, au kwenye maji. Alikuwa na usiku mzima, alikuwa na Mungu wake ambaye alimwomba mezani saa chache tu zilizopita, alikuwa na mke pembeni. Alikuwa na nafasi ya kuhesabu ni watu wangapi wamelala pale na mmoja wao ana urefu gani. Wengi niliosoma wanasema filamu hii ni ya kisasi. Mimi naona ni ya subira, na sikujua kwamba subira nayo inaweza kwenda upande ule.

Anawaua wakubwa wawili. Si mapigano ya sinema, ni kazi ngumu, chafu, ya kuhema. Tulikuwa tunaangalia kile tulichokiomba, na kijana wa bodaboda kwa wa kwanza alisema "Eeh!" kwa sauti. Kisha mtoto anakimbia, anamkimbilia Märeta, kwa sababu mtoto akiogopa humkimbilia mama, awe wake au si wake. Märeta anamkinga. Töre anamng'oa mikononi mwake, anamnyanyua, anambamiza ukutani.

"Dogo naye?" kijana wa bodaboda akasema. Kwa sauti ndogo kabisa. "Dogo naye kafanyaje?"

Akachomoa simu, asilimia tisa, akatoka. Tulimsikia uani anafuta pikipiki. Saa tano usiku.

Lile jiwe sasa. Nilikuwa na miaka kumi na saba, najifunza kushona kwa fundi mmoja Manzese. Mchana mmoja ikapigwa yowe ya mwizi. Kijana alichukua suruali mbili kwenye kamba. Watu walitoka kwenye kila uchochoro, sijui walikuwa wapi dakika moja kabla. Mimi nilitoka na tepu ya kupimia shingoni. Nikaokota kokoto, si kubwa, ya kujaa kiganja. Sikumjua yule kijana wala mwenye suruali. Ingeri aliachia lake, nasi tukamlaumu kwa kuliachia. Langu nililirusha. Sijui lilimpata au lilianguka chini, kulikuwa na vumbi na migongo ya watu. Nikarudi ndani, nikamalizia kupiga ovaloki blauzi iliyokuwa kwenye mashine. Sijawahi kumsimulia mtu hilo, na lisingenijia kama filamu ingekuwa imemuua yule mtoto haraka haraka au kumficha. Haikumficha.

Mwisho wake ndio uliotugawa. Töre anaitazama mikono yake. Wanakwenda wote msituni wakiongozwa na Ingeri, wanamkuta Karin. Mama anaanguka juu yake. Töre anatembea mbali kidogo, anapiga magoti, na hatuoni uso wake, tunaona mgongo. Anamwambia Mungu: uliona. Uliona kifo cha mtoto asiye na hatia, uliona na kisasi changu, na uliviacha vyote viwe. Sikuelewi. Halafu, na hapa binti sauti ilimkwama, anasema hata hivyo anaomba msamaha, kwa sababu hajui njia nyingine ya kuishi. Anaahidi kujenga kanisa pale, la chokaa na mawe, kwa mikono ileile. Wanapomwinua Karin, pale kilipokuwa kichwa chake maji yanabubujika. Ingeri anajiosha uso.

"Zamzam," bi mkubwa akasema. Na kweli huwezi kulelewa kwenye Uislamu ukaona maji yanatoka ardhini chini ya mtoto usimkumbuke Hajar, mama yake Ismail, anakimbia kati ya vilima viwili. Lakini nilimwambia, na bado nasema: Zamzam ilitoka mtoto akiwa hai. Maji yalikuwa ya kunywa. Haya yanakuja mtoto ameshakufa, na mwingine ameachwa sakafuni nyumbani. Yanaosha, sawa. Yanajibu nini? Töre aliuliza swali zito kuliko swali lolote nililowahi kusikia kwenye sinema, akapewa chemchemi. Binti anasema hiyo ndiyo maana ya rehema, haijibu maswali. Inawezekana. Yeye anasoma chuo.

Nina malalamiko mengine. Ingeri ndiye mwenye maisha humo ndani, Gunnel Lindblom anamcheza kwa macho tu, lakini filamu inampa kila kilicho kichafu: mimba, wivu, miungu ya zamani, chura, hata nywele nyeusi. Karin amepewa nywele za dhahabu na mishumaa. Nimewashonea magauni mapana wasichana waliotolewa shule kwa ajili ya mimba, hadi Novemba 2021 serikali iliporuhusu warudi darasani baada ya kujifungua, na najua jinsi mtaa unavyomfanya mmoja awe ndoo ya kutupia taka za wote. Bergman anaijua hali hiyo, anaionyesha, lakini simwamini kwamba hashiriki. Nani aliyempa Ingeri mimba? Filamu haina muda wa kumuuliza huyo mwanamume.

Na kiti cha enzi, mvuke, mti uliosimama peke yake, wakati mwingine inajipenda mno, kama gauni la harusi lenye shanga hadi kwapani. Mwenyewe Bergman baadaye aliikataa kidogo, akasema ilikuwa ni kumuiga vibaya Kurosawa, mwongozaji wa Japani. Marekani waliipa Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Mimi nipo katikati yao, ila karibu zaidi na Oscar.

Kwa anayetaka kuiona: msiangalie na watoto. Tafuteni mtu wa kuwatafsiria kwa sauti, kuliko kila mmoja kusoma kimyakimya, na msiangalie peke yenu usiku. Chakula kiliwe kabla, maana kuna milo miwili humo ndani na baada ya hapo hamtakula. Na hakikisheni uniti.

Asubuhi yake kijana wa bodaboda alinisalimia, "Shikamoo mama," akaondoka bila ya yale maneno yake ya kila siku. Bi mkubwa alikuwa ameshaswali, amekaa kwenye kibaraza na tasbihi. Nilidhani ameshaisahau. Akaniita.

"Mkwe wangu, yule mtoto walimzika nani?"

"Nani, Karin?"

"Karin ana baba na mama. Yule mwingine."

Nikajaribu kukumbuka. Nikamwambia haionyeshwi, waliondoka wote kwenda msituni.

"Wote?"

"Wote."

Akasogeza punje tatu nne za tasbihi. "Basi mwambie mwanao mwezi ujao alete ya Kihindi."